Bano au gololi? Maswali yenu kuhusu maneno ya utotoni

Barua za mwezi huu zimekuja kama siafu, moja nyuma ya nyingine, na nyingi zinadai tuamue neno gani ndilo sahihi. Tutaamua pale inapobidi. Kwingine tutauliza kwanza: sahihi wapi?

Sisi tulikulia mtaa wa Umoja, Nairobi, tukicheza bano. Mabinamu wa Dar es Salaam wanawaambia watoto wetu kwamba hilo si neno, eti ni gololi. Nani ana haki? Na hiyo michezo mingine, wenzetu wanaiitaje?
*Baba wa watatu, Donholm*

Mabinamu wana kamusi, nanyi mna mtaa. Gololi, au goroli, ndilo lililomo vitabuni na midomoni mwa Watanzania. Bano ni la Nairobi, na ukisikiliza vizuri utakuta wanaosema banta pia. Kipunjabi kina neno banta kwa kijiwe hichohicho cha kioo, na Wapunjabi wamekuwa mjini humu tangu reli ilipofika mwaka 1899. Jumlisha mwenyewe.

Ila kuwapa watoto neno bila mchezo ni kuwapa ganda la ndizi. Chimbeni kishimo chenye upana wa vidole vitatu na kina cha sentimita 3 hivi, mpige mstari hatua tano au sita kutoka hapo. Kila mchezaji arushe bano yake kutoka mstarini. Aliyekaribia kishimo zaidi ndiye anayeanza. Ukishaingiza kishimoni unapata ruhusa ya kugonga za wenzako. Wako wanaofyatua kwa kidole gumba, na wako wanaovuta kidole cha kati nyuma kama upinde huku gumba limesimikwa chini. Mtindo huu wa pili una shabaha zaidi mkono ukishauzoea. Kabla ya bano ya kwanza kurushwa, kubalianeni kama anayegonga anachukua au mnarudishiana mwishoni. Ugomvi wote wa bano huzaliwa na makubaliano ambayo hayakufanywa.

Kiwanja nacho kina neno lake. Saruji haifai, bano huteleza hadi mtaroni na kioo hubanduka. Udongo mweusi wa Eastlands ni mzuri ukiwa na unyevu kidogo tu: mvua ikinyesha unanata, na kiangazi kikikaza unapasuka, bano inaingia kwenye ufa na hamuioni tena. Mwagieni maji kidogo jioni, mkanyage, mcheze asubuhi.

Kuhusu michezo mingine, mchezo wetu uitwao kati ndio rede yao: wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa, na katika namna moja anajaza chupa mchanga huku akikwepa. Brikicho yetu, ile ya anayetafuta kuuliza "Brikicho?" na waliojificha kujibu "Bado!", watu huifananisha na kombolela ya Tanzania. Zinafanana, lakini kombolela ina ukombozi ndani yake, kama jina linavyodokeza: aliyejificha akiwahi kituoni huwaokoa waliokwisha kukamatwa. Basi msiandike kwamba ni mchezo mmoja wenye majina mawili. Kalongolongo, au cha mama na cha baba, kila mji unao. Tofauti ni kwamba sisi tunapikia ugali wa matope kwenye mkebe, wao kwenye kopo.

Blada, mchezo wa kuruka mkanda wa mpira, haihitaji kamusi, inahitaji makasi. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, uikate mahali pamoja ifunguke, kisha uipasue kwa urefu, si kwa upana. Ukikata kwa upana utabaki na ringi ndogondogo za kufungia karatasi. Tyubu moja hutoa mikanda minne au mitano ya karibu mita mbili kila mmoja. Unga miwili iwe duara, wawili waingie ndani waivute, wa tatu aruke: kifundo cha mguu, goti, kiuno, kwapa, shingo. Mafundo yakae karibu na washikaji. Fundo likiwa katikati humchapa anayeruka.

Mwanangu wa Gredi ya 4 ametakiwa atengeneze mpira kwa vitu vya nyumbani. Mimi najua mpira wa majuala tu, na majuala yalipigwa marufuku. Nifanyeje?
*Mama, Kayole*

Ni kweli, mama, mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kule walikuwa wakiiita rambo, na mpira wa mtaani wanauita chandimu. Usihangaike kutafuta juala. Karatasi za plastiki za kufungia mkate bado ziko, na kwa shughuli hii ni bora zaidi maana ni nyepesi.

Kusanya kipande cha sponji ya godoro chenye ukubwa wa chungwa, karatasi za mkate sita au saba, matambara ya pamba kama robo kilo, soksi mbili ndefu za mtu mzima, na kamba nyembamba ya katani mita nane. Fulana iliyochakaa ni nzuri kuliko suruali ya jinzi, kwa sababu inanyumbulika.

Sponji ndiyo moyo. Izungushie karatasi za mkate, ukizikandamiza kila mara, mpaka ifike ukubwa wa embe kubwa. Kisha kata matambara yawe mikanda ya upana wa sentimita 4 au 5 na uanze kuviringa. Siri yote iko hapa: kila mzunguko mmoja ukiisha, geuza mpira robo kabla ya mzunguko unaofuata. Watoto wengi huviringa upande mmoja tu kwa kuwa mkono umezoea, na mpira hutoka yai. Ukiona yai linaanza, usiongeze tambara upande uliobonyea ukidhani litajificha. Fungua mizunguko mitano urudie.

Ukifika kipenyo cha sentimita 13, ingiza mpira ndani ya soksi hadi kidoleni, usokote shingo ya soksi, uigeuze irudi juu ya mpira, usokote tena upande wa pili. Rudia mpaka soksi iishe, kisha fanya vilevile na ya pili, ukianzia upande ulio kinyume. Mwisho ushone kwa uzi mzito. Usiufunge fundo, kwa sababu fundo la soksi ndilo linaloumiza kidole cha mguu.

Sasa kamba. Hapa mtu mzima ashike, katani hukata vidole vya mtoto. Zungusha kamba mara nne ikipita juu na chini ya mpira, kama mistari ya chungwa lililomenywa, ukiikaza kila mara. Halafu zungusha kiunoni, na kila inapokutana na mstari wa kwanza ipitishe chini, uirudishe juu, uvute. Fanya hivyo kiunoni, kisha katikati ya kiuno na kila ncha. Hapo una wavu. Mwisho wa kamba uchomekwe chini ya wavu.

Mpira huu una adui mmoja, maji. Matambara yakilowa huwa jiwe, na ukiupiga ukuta wa jirani atajua. Ukilowa utundike kivulini siku mbili. Usiuanike juu ya jiko. Karatasi za ndani zitayeyuka na mpira utabonyea milele. Tena usiweke gazeti badala ya sponji. Tumeona maelezo mengi yakishauri hivyo, na gazeti likishapata unyevu mara moja hugeuka uji.

Mama mkwe wangu ni wa Mombasa. Akimpakulia mwanangu husema "mtele na mtuzi", na akimwita husema "ndoo". Juzi mtoto alimpelekea ndoo ya maji. Sasa ameandika "kuteza" kwenye insha akakatwa alama. Nimwombe nyanya yake abadilishe?
*Mama wa mtoto mmoja, South B*

Mavyaa wako haongei Kiswahili kilichoharibika, anaongea Kimvita, na Kimvita kilikuwa na mashairi yake kabla Nairobi haijawa hata kituo cha reli. Usimguse.

Alama zilikatwa kwa sababu ya mkutano. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikutana kuchagua lahaja ya kusanifishwa, wakakichagua Kiunguja cha Zanzibar. Mkutano wenyewe ulikaa, amini usiamini, Mombasa. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia Kiswahili hicho vitabuni, na tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 kila mtoto wa Kenya amekuwa akitahiniwa kwa Kiswahili hicho. Mwalimu anasahihisha kwa kipimo hicho, na kwa insha hana kosa. Angekosea kama angemwambia mtoto kwamba nyanya yake hajui Kiswahili.

Mfundishe mtoto kutafsiri, kwani kanuni zenyewe ni chache. Mahali pengi ambapo Kiunguja kina ch, Kimvita kina t: mchele ni mtele, mchuzi ni mtuzi, mchanga ni mtanga, macho ni mato, kichwa ni kitwa, kucheza ni kuteza. Nj huwa nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Ukipanda juu hadi Lamu utakuta j nayo imelegea, moja ni moya na maji ni mai.

Kisha mwonye asizidishe, maana watoto wakishaonja kanuni huila yote. Chai haiwi tai, wala chapati haiwi tapati. Hayo ni maneno ya kuazima. Chakula na chumba navyo havibadiliki, kwa sababu ch yao ni ya kiambishi: ki- imekutana na irabu. Mpe daftari lenye safu mbili, moja "kwa nyanya" na nyingine "shuleni". Kila Jumamosi aongeze maneno matano. Kwenye insha atumie safu ya pili, isipokuwa ndani ya alama za usemi, pale mhusika wa Mombasa anapozungumza. Hapo "ndoo" ni sawa kabisa, na mwalimu mzuri ataipenda.

Nilimwambia mwenyeji wangu Dodoma, "Bibi yangu ananisubiri Nairobi," akaniuliza ana miaka mingapi. Nikasema ishirini na minane. Alicheka mpaka akakaa chini. Kwa nini?
*Msafiri, Ruaka*

Kwa sababu Nairobi bibi ni mke, na Dodoma bibi ni mama wa mzazi wako. Ukiwa kule sema "mke wangu". Mama wa mzazi, ambaye hapa tunamwita nyanya, shosho au cucu, huko ni bibi. Na ukisema nyanya utaletewa kachumbari.

Shosho akinyimwa kitu husema "hata sumuni sina". Kwenye mkebe wake wa vifungo nimekuta sarafu yenye tundu katikati. Ndiyo sumuni hiyo?
*Mwanafunzi, Kahawa West*

Siyo. Sumuni, au thumni, ilikuwa senti 50, na haikuwa na tundu. Jina limetokana na neno la Kiarabu la sehemu ya nane. Usijaribu kupiga hesabu: sarafu yenyewe ilikuwa nusu ya shilingi, jina ni la urithi tu.

Uliyoipata ni ya senti 1, 5 au 10 ya pesa za zamani za Afrika Mashariki. Senti 5 ndiyo iliyoitwa ndururu, na senti 10 peni. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921 baada ya rupia kuondolewa, na Kenya ikatoa pesa zake mwaka 1966, ambazo hazikutobolewa. Isome maandishi: utakuta EAST AFRICA, mwaka, na mara nyingi jina la mfalme au malkia wa Uingereza. Ikiwa ni ya mwaka 1964 haina jina la mtawala, kwa kuwa uhuru ulikuwa umekwisha kuingia.

Usiisugue kwa limau, majivu wala mchanga ili ing'ae. Nyingi ni za shaba, na wakusanyaji hutaka ule weusi wa miaka. Ukishausugua umeondoa thamani pamoja na uchafu. Ioshe kwa maji na sabuni laini, uikaushe kwa kitambaa, basi.

Shosho akikuuliza maneno yenu nawe umpe: ashu ni kumi, kutoka ashara, hesabu ambayo yeye huenda anaijua kuliko wewe, mbao ni ishirini, soo ni mia, ngiri ni elfu. Mwonyeshe pia ile ashu mpya iliyotoka Desemba 2018 yenye simba, atafurahi kuona picha ya mnyama mahali pa picha ya rais.

Wazee husema Kibra, vijana Kibera. Lipi la kwanza?
*Msomaji, Lang'ata*

Kibra. Ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu, lililowekwa na askari Wanubi wa jeshi la kikoloni na jamaa zao waliopewa makazi pale mwanzoni mwa karne ya 20. Wasemaji wa lugha nyingine wakachomeka irabu katikati, kama desturi yetu. Eneo bunge lililoundwa kwa uchaguzi wa mwaka 2013 limerudisha jina la wazee.

Nikipika mahamri hutoka mazito kama mandazi ya kioski. Shangazi wa Malindi anasema nina haraka. Ni hilo tu?
*Mpishi, Ngara*

Shangazi yuko karibu na ukweli. Mandazi ya Nairobi huumuliwa na beking pauda na huwa na nyama ya mkate ndani. Hamri linataka hamira, ndiyo maana ya jina, na likipasuliwa liwe tupu ndani kama mfuko. Unga wa ngano nusu kilo, sukari gramu 90, hamira kijiko cha chai kimoja na nusu, iliki iliyosagwa kijiko kimoja, na tui zito la vuguvugu mililita 270 hivi, ukilitia kidogokidogo. Kanda dakika 15. Acha uumuke hadi uwe mara mbili. Malindi ni saa moja, Nairobi ya mwezi Julai ni saa mbili na zaidi, hapo ndipo haraka yako inapokuponza.

Sukuma unene wa nusu sentimita, kata pembetatu, funika dakika 15 zaidi. Mafuta yawe ya kuzamisha na yawe moto: tupia kipande kidogo, kikipanda juu mara moja, anza. Hamri likiibuka limwagie mafuta juu kwa upawa ndipo livimbe. Likikataa kuvimba, ama unga ulikuwa mkavu na una nyufa, ama ulisukuma mwembamba mno, ama mafuta yalipoa kwa sababu uliweka mengi pamoja. Mbaazi za nazi ni barua nyingine.

Nataka kuandika maneno ya mtaani kwetu Kaloleni kabla wazee hawajatutoka. Nianzie wapi?
*Mjukuu, Kaloleni*

Usianze kwa kuuliza maneno. Ukimuuliza mzee "mlikuwa mkiitaje kile kitu?", atakaa vizuri kitini akupe Kiswahili cha redio. Peleka kitu: bano, mkebe, kipande cha tyubu, sarafu kama ile ya msomaji wa Kahawa West. Mwekee mkononi, umwombe akueleze kilivyotumika. Neno litakuja lenyewe, na litakuja ndani ya sentensi.

Andika sentensi nzima kama ilivyotamkwa, ndipo uandike neno. Sentensi ndiyo inayokuonyesha ngeli na wingi. Bano, kwa mfano, waulize wangapi waseme "bano mbili" na wangapi "mabano mawili". Mabano ya shuleni ni zile alama za kufungia maneno, na kamusi yako ikikosa mfano, msomaji atadhani unazungumzia sarufi. Kando ya kila neno weka mambo manne: mtaa aliokulia msemaji, mwongo aliozaliwa, lugha ya nyumbani kwao, na kama neno lilikuwa la wavulana, la wasichana au la wote. Jina la mtu usiliandike bila ruhusa yake.

Wazee wawili pamoja ni bora kuliko mmoja, kwa sababu watabishana, na katika ubishi ndimo maneno yaliyosahaulika hutokea. Watatu ni wengi, hutasikia rekodi. Keti nao dakika 40, si zaidi. Usiwasahihishe hata mara moja, wala usitikise kichwa. Simu iwekwe juu ya kitambaa mezani, mbali na vikombe vya chai, maana kijiko kimoja hufuta neno zima. Rekodi ipe jina lenye tarehe na mtaa siku hiyohiyo, na nakala ya pili uihifadhi nje ya simu. Kama nyumbani kuna kelele, Maktaba ya McMillan ina tawi hapohapo Kaloleni. Zungumza na wahudumu kwanza, kwani wazee wawili wanaobishana kuhusu brikicho hawawezi kunong'ona.